Mama Uyoga na Herufi Iliyokwanguliwa

Kibao chake kilikuwa kipande cha ubao wa sanduku la chai, na maneno yaliyokuwa juu yake niliyaandika mimi. Aliniambia niandike DAWA YA UYOGA. Nikaandika hivyo kwa rangi nyekundu iliyobaki baada ya mlango wa ofisi yetu kupakwa, kwa herufi kubwa ambazo dereva angeweza kuzisoma akiwa juu ya lori bila kushuka. Wiki moja baadaye taniboi mmoja wa lori, kwa utani wake, akaikwangua Y ya neno la mwisho kwa msumari. Ikabaki DAWA YA UOGA.

Hii ilikuwa Busia, upande wa Kenya, miaka ile ya sabini ambapo kila dereva mwenye mzigo wa Kampala alikuwa na sababu ya kuogopa. Ng'ambo kulikuwa na askari waliosimamisha magari popote walipojisikia, na si kila gari lililosimamishwa lilirudi na dereva wake. Kwa hiyo madereva walipoona kibao kinachotangaza dawa ya uoga, hatua chache tu kabla ya kizuizi cha mpaka, hawakucheka. Walipanga foleni.

Nilipoona hivyo nikaenda na kopo langu la rangi kumrudishia herufi yake. Akanishika mkono.

"Karani, unafanya nini?"

"Mama, wameharibu kibao. Sasa inasomeka ni dawa ya kuondoa uoga."

"Na hawa watu wananunua?"

"Wananunua, lakini..."

"Basi wacha. Hiyo herufi yako ndiyo ilikuwa inanifukuzia wateja."

Kosa hilo lisingetokea mahali pengine, na nadhani ndiyo sababu halikumshangaza. Sisi Waluhya uyoga tunauita obwoba. Ukivuka kizuizi ukamtamkia Mganda neno hilohilo, atafikiri unazungumzia hofu. Mama Uyoga alikuwa amelijua jambo hilo kabla sijazaliwa. "Mimi tangu niwe msichana," alisema, "nikivuka hapo tu, chakula changu kinageuka kuwa uoga."

Jina lake halisi ninalijua. Silitaji hapa kwa sababu kuna wakati nililitaja kupita kiasi. Kwa miaka mitatu nilimwambia kila mtu wa Busia aliyekuwa na masikio kwamba mwanamke yule alimuua mke wangu. Hakumuua. Nimekuwa mzee sasa, na kabla sijaondoka nataka kumwandika alivyokuwa, pamoja na sehemu yangu katika jambo lile, ambayo ni kubwa kuliko yake.

Alikuwa mfupi, mweusi, mwenye miguu iliyopinda kidogo kama ya mtu aliyezoea kubeba vitu vizito kichwani. Mvua iwepo isiwepo alivaa viatu vya mpira vya kiume, kimoja cheusi na kingine kijani. Alivuta sigara moto ukiwa ndani ya mdomo, kama walivyovuta wanawake wengi wa rika lake, na aliweza kubishana bei, kucheka na kumtukana mtu bila kuitoa. Madereva wa Mombasa, ambao hawakuwahi kuona jambo kama hilo, walinunua dawa kwa sababu hiyo peke yake. Waliona kwamba mtu anayekula moto lazima anajua kitu.

Kuitwa mganga kulimkasirisha sana. "Mganga ni huyu," alikuwa akisema, akinionyesha mimi kwa kidole. "Anaandika karatasi, anapiga muhuri, gari inapita. Mimi nauza supu." Mimi nilikuwa karani wa wakala wa forodha. Nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne, nilivaa tai hata siku za joto, na nilipenda sana kuonyeshwa kwa kidole.

Uyoga wake ulikuwa wa aina mbili. Kulikuwa na ule wa kichuguu, mweupe, laini, unaochipuka baada ya mvua, na huo ulikuwa wa kula. Halafu kulikuwa na ule wa gogo, mgumu kama soli ya kiatu, unaoota kwenye miti iliyoanguka. Huo aliukausha, akautwanga, akaufunga kwenye vipande vya karatasi ya saruji. Ukichemshwa sana, maji yake yaligeuka rangi ya chai ya rangi, machungu ya kukunja uso. Ule wa gogo ndio uliokuwa dawa. Mwingi aliutoa ng'ambo, kwenye msitu mdogo aliokuwa akiufikia kwa njia za panya, yaani vile vijia vya magendo ambavyo kila mtu alivijua, na watu wa forodha kuliko wote. Siku ambazo malori yalirundikana kwenye kizuizi kingine, cha Malaba, alihamia huko na kibao chake mgongoni, kisha akarudi Busia.

Hakuuza uyoga wowote bila kuula yeye kwanza. Ukimletea uyoga usioujua, aliuchemsha, akaunywa mbele yako, akasema, "Rudi kesho. Ukinikuta nimekaa hapa, ni mzuri. Ukikuta watu wanalia, usinunue." Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi, na mara moja tu ndipo asubuhi yake nilipokuta hayupo. Nilikimbia hadi kwake nikidhani amekufa. Nilimkuta anasukwa nywele na jirani. Alikuwa amesahau kwamba ni siku ya kazi.

Pamoja na hayo yote, aliogopa sindano. Akikohoa tu alikwenda zahanati, akakaa mstari wa mbele, akamweleza dresa, mhudumu wa pale, ugonjwa wake kwa urefu, na dresa alipotoa sindano Mama Uyoga akatoka nje kwa mwendo ambao hakuna aliyeutegemea kwa miguu ile. Siku moja alikiacha nyuma kiatu cha kijani. Dresa mwenyewe ndiye aliyemletea, mbele ya madereva.

"Mama," dereva mmoja akamuuliza, "si uko na dawa ya uoga hapo?"

"Hiyo ni ya kuogopa askari," akajibu bila kucheka. "Ya sindano bado haijaota."

Kila aliyenunua alimpa maneno yaleyale pamoja na pakiti: "Kunywa, uende. Usikunywe ukakaa." Madereva waliyapokea kama baraka ya safari. Walikunywa, wakapanda lori, wakaenda Kampala. Wengine waliyarudia kwa sauti wakati wa kuwasha injini. Nami niliyachukua kama maneno ya mchuuzi, kama vile mwenye duka anavyosema karibu tena. Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba maneno hayo hayakutungwa kwa ajili ya madereva hata kidogo. Wagonjwa walikuwa wakija kwake kabla madereva hawajajua kibao chake, watu wenye uvimbe, wenye kutapika damu, wenye homa isiyokatika. Aliwauzia supu yake, kwa kuwa alikuwa mfanyabiashara, na papo hapo akawafukuza waende hospitali.

Sasa nije kwenye gazeti.

Bosi wangu alikuwa akiletewa magazeti ya Kiingereza ya zamani, na akimaliza aliyaacha mezani kwangu. Katika moja nilikuta habari fupi, haikuzidi kiganja changu. Ilisema kwamba huko Japani wataalamu walitoa kitu ndani ya uyoga fulani unaoota kwenye magogo, wakawadunga panya waliokuwa na vivimbe vya saratani, na vivimbe vya panya wengi vikanywea. Ilisema pia kwamba kitu hicho hakikuua uvimbe chenyewe. Kilionekana kuamsha ulinzi wa mwili, nao mwili ukaushambulia uvimbe. Mwishoni iliandika kwamba kazi ilikuwa bado changa.

Niliikata kwa mkasi wa ofisi, nikaenda nayo mbio hadi kibandani. Madereva watano au sita walikuwa wamesimama wakingoja karatasi zao. Nikapanda juu ya kreti ya soda nikawasomea, nikitafsiri. Kwenye ulinzi wa mwili nilikwama, maana neno la Kiswahili sikuwa nalo. Nikasema, "Ndani ya mwili kuna askari. Uyoga unawaamsha."

Wakasogea karibu na kreti.

"Askari wa nani?" akauliza dereva mmoja mnene wa Nakuru.

"Wako mwenyewe. Wa ndani."

"Na wakiamka wanafanya nini?"

"Wanasimamisha ugonjwa. Wanaukagua. Wanaupiga."

"Karani," akasema, "mimi natoka Jinja juzi. Askari wakilala ndio mimi napita salama. Wewe unataka kuniamshia wengine tumboni?"

Walicheka hadi mmoja akalazimika kushikilia gurudumu. Nami, badala ya kucheka nao, nikakasirika, nikaendelea kusoma kwa sauti kubwa zaidi, nikafika kwenye panya.

"Panya?" akasema yuleyule wa Nakuru. "Kwa hiyo hii ni dawa ya panya?"

Na dawa ya panya kila mtu anaijua. Inauzwa dukani, ukiiweka jikoni asubuhi unaokota mizoga. Dereva mmoja aliyekuwa ameshika pakiti mkononi akairudisha mezani polepole, kama mtu anayeweka yai. Wakatawanyika. Siku hiyo Mama Uyoga hakuuza tena.

Alipokuwa akikusanya vitu vyake akaniuliza, "Hao panya, lazima uwataje?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Sijasema haijaandikwa. Nauliza kama ni lazima."

Kisha akauliza jambo lingine, nami nikalipuuza. "Huo uyoga wa Wajapani, unafanana na huu wangu?"

"Uyoga ni uyoga, Mama."

Akaitoa sigara mdomoni, jambo lililokuwa nadra. "Uyoga ni uyoga? Basi karani, pale nyuma ya choo cha forodha kuna mmoja mwekundu, mzuri sana. Enda ukule."

Wiki iliyofuata nilisoma tena, kwa madereva wengine, na safari hii nilisema wagonjwa. Sikusema panya. Sikusema pia kwamba walidungwa, wala kwamba kazi ilikuwa bado changa. Nilisema kwamba Japani wagonjwa wa uvimbe walipewa uyoga wa gogo na uvimbe ukanywea. Hakuna aliyecheka. Walinunua. Mama Uyoga alikuwa amekaa nyuma ya meza yake akitazama upande wa barabara. Nikawa nasoma kila walipokuja wageni, na kila niliposoma wagonjwa wale walizidi kuwa watu. Nikawapa vitanda. Nikampa mmoja wao wajukuu. Kufikia mwisho wa mwaka kile kikaratasi nilikishika mkononi kwa desturi tu, maana sikuwa nikikitazama tena.

Mke wangu alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa barazani, na alishona sare za shule huku akiimba nyimbo za kanisani kwa kufuata mwendo wa kanyagio, kwa hiyo wimbo mmoja uliweza kwenda mbio na kusimama ghafla kwenye kona ya mfuko. Mwezi mmoja kabla ya kufunga shule aligundua kijivimbe kwenye titi la kushoto. Tukaenda hospitali ya misheni. Daktari akampima, akaandika barua ya kwenda hospitali kubwa Kisumu, akasema apasuliwe mapema uvimbe ungali mdogo.

Tulipofika nyumbani alitoa sanduku chini ya kitanda. Akapanga leso mbili, sabuni, sahani, kikombe na ile barua. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Akaliweka sanduku nyuma ya mlango, akarudi kwenye cherehani kumaliza sare zilizobaki ili aondoke bila deni la watu. Yeye alikuwa tayari. Nataka hilo lijulikane.

Ambaye hakuwa tayari ni mimi. Baba yangu aliingia chumba cha upasuaji akitembea kwa miguu yake, akitaniana na manesi, na akatolewa akiwa amefunikwa shuka. Nilikuwa kijana, nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nje. Tangu siku hiyo harufu ya dawa ya kusafishia sakafu hunifanya nitafute mlango. Lakini sikumwambia mke wangu kwamba naogopa. Mtu wa tai na kidato cha nne hasemi hivyo. Nilimwambia tungoje kidogo, kuna njia ya kitaalamu zaidi. Nikatoa kile kikaratasi.

"Wagonjwa wangapi?" akaniuliza.

"Wengi."

"Walipona bila kupasuliwa?"

"Bila."

Alikichukua, akakigeuza huku na huku. Hakujua Kiingereza. Akasema, "Basi kama umesoma."

Kesho yake nilikwenda kwa Mama Uyoga. Nilimweleza uvimbe, nikamweleza barua ya Kisumu, nikamwambia nataka pakiti za mwezi mzima.

"Unataka dawa ya uyoga ama dawa ya uoga?" akauliza.

Nilidhani ni utani wetu wa siku zote. "Ya uyoga, Mama."

"Sawa. Maana kama ni ya uoga, ningekwambia ukunywe wewe." Akanipimia. "Na mwambie akunywe, aende. Asikunywe akakaa."

Nilichukua pakiti. Maneno niliyaacha palepale mezani.

Sanduku lilikaa nyuma ya mlango miezi minane. Kila nilipoufungua mlango uliligonga, na kila lilipogongwa nilikasirika, nikamwambia alirudishe chini ya kitanda. Hakulirudisha. Wakati mmoja, msimu wa mvua, niliona tope kwenye pembe zake. Nikadhani maji yameingia chini ya mlango, nikaweka gunia.

Alikunywa yale maji machungu asubuhi na jioni bila kukosa. Alikuwa mtu wa kutimiza. Uvimbe haukunywea. Nilipouona umekuwa mkubwa nilisema askari wameamka, ndiyo vita yenyewe hiyo. Nilisema hivyo, kwa mdomo huu. Ulipopasuka ukawa kidonda ndipo nilipokodi gari kwenda Kisumu. Daktari alimtazama, akasoma tarehe kwenye ile barua, akanigeukia.

"Mlikuwa wapi?"

Nikamjibu kama mtu aliyeulizwa anakotoka. "Busia," nikasema.

Alifariki kabla sare za mwaka uliofuata hazijakatwa.

Kwenye matanga watu waliuliza ilikuwaje, kama watu wanavyouliza. Ningeweza kusema. Shemeji zangu walikuwa wamekaa pale, mama mkwe alikuwa amekaa pale, na ulimi wangu ukatafuta mlango kama kawaida yake. Nikasema, "Ni yule mama wa uyoga. Alimdanganya." Ilikuwa rahisi mno. Waliitikia kwa vichwa hata kabla sijamaliza. Mwanamke anayekula moto, anayevuka kwa njia za panya, anayetangaza dawa kwenye kibao: nani angeuliza zaidi?

Nilirudia maneno hayo sokoni, kanisani, kwenye maegesho ya malori. Niliyarudia kwa ufasaha, kwa kuwa nilikuwa na mazoezi ya kuwasomea watu yasiyoandikwa. Kibanda chake kilipinduliwa. Mtu wa chifu akamwambia ni afadhali ahame kabla hajaumizwa. Madereva waliacha kununua, ingawa nilisikia kwamba yule wa Nakuru aliendelea kumuulizia kwa muda mrefu, maana alikuwa amevuka mara nyingi na pakiti yake mfukoni na bado alikuwa hai. Mama Uyoga aliondoka na viatu vyake viwili vya rangi mbili, akahamia Nambale. Hakuja kunijibu. Nikawaambia watu kwamba hiyo ndiyo dalili ya mwenye hatia.

Nilimwona tena mwishoni mwa miaka ile ya sabini, wale askari wa ng'ambo walipokuwa wamekwisha kukimbia na madereva wakivuka huku wakipiga honi. Nilikwenda Nambale siku ya soko, makusudi, nikiwa na kile kikaratasi mfukoni. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na wanawake walikuwa wamepanga uyoga wa kichuguu kwenye majani ya mgomba. Yeye alikuwa mwisho wa mstari. Ule wa gogo hakuwa nao. Kibao changu alikuwa amekikalia, maandishi yakiwa chini.

"Karani," akasema kabla sijafika. "Umekunjika kama gazeti."

"Mama, nimekuja kuomba msamaha."

"Nunua kwanza. Ukiomba halafu nikatae, nitakosa mteja."

Nikanunua. Akaanza kuchambua uyoga, akiondoa udongo kwenye shina kwa ukucha, bila haraka. Nikamweleza yote, kwa utaratibu, kama ninavyoyaandika hapa: panya, sindano, baba yangu, matanga. Alisikiliza. Sigara ilikuwa mdomoni na moto ndani, na moshi ulitoka puani kidogokidogo.

"Alikuja kwangu," akasema nilipomaliza.

"Nani?"

"Bibi yako. Siku ya mvua. Alikuwa na sanduku."

Nikakumbuka tope, na gunia nililoliweka mlangoni.

"Alikuwa anaenda basi ya Kisumu. Akapita kwangu kwanza. Nikamwambia, dada, enda, basi iko pale, mimi hapa nauza supu. Akaniuliza, Mama, ni kweli ile karani amesoma? Watu walipona bila kisu?" Akachukua uyoga mwingine. "Madereva walikuwa wamejaa hapo mbele yangu. Kama kumi. Walikuwa wanasikiliza. Wewe ulikuwa umewasomea asubuhi hiyohiyo."

"Ukamjibu nini?"

"Nilijua ni panya. Si nilikuwa hapo siku ya kwanza? Neno moja tu ingetosha. Nikaangalia wale madereva. Nikamwambia, karani ndiye anajua kusoma, mimi sijui." Akaitoa sigara, akaitazama, akaizima kwenye udongo. "Akachukua sanduku, akarudi nyumbani. Mimi na hiyo kibao yangu. Dawa ya uoga, na mdomo wangu umeogopa wateja."

Mwanamke wa meza ya jirani alikuwa ameacha kazi yake anatusikiliza. Mama Uyoga alimtupia jicho, akageuka.

"Lakini watu uliwaambia ni mimi peke yangu," akasema.

"Niliwaambia hivyo."

"Utawaambia ingine?"

"Nitawaambia."

"Busia?"

"Busia, na kwa shemeji zangu." Nilifanya hivyo. Baadhi walinisikia. Wengi walisema uzee umeniingilia mapema, maana hadithi ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi.

"Hiyo karatasi bado unayo?"

Nikaitoa. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo hata mstari mmoja wa katikati haukusomeka.

"Nisomee. Yote, kama ilivyo."

Nikasoma nikiwa nimesimama palepale kwenye matope, bila kreti. Nilisema panya. Nilisema walidungwa. Nilisema kitu kilichotolewa ndani ya uyoga, ambao si huu wetu. Nilisema kazi bado changa. Haikuchukua hata dakika mbili, na hapo ndipo nilipojua jinsi habari yenyewe ilivyokuwa fupi.

"Kwa hivyo," akauliza, "hao panya walipona?"

"Walipona. Wengi wao."

Akafunga uyoga wangu kwenye jani la mgomba, akalikaza kwa kamba, akanipa kwa mikono miwili.

"Basi heri yao," akasema. "Sasa enda, karani. Usikae."